Majina Yaliyobaki Vitabuni

Mwezi Mei 1879 msafara uliondoka Dar es Salaam kwenda Ziwa Nyasa. Kiongozi wake alikuwa Keith Johnston, mchora ramani wa Edinburgh. Msaidizi wake, Joseph Thomson, alikuwa Mskoti mwenzake, kijana wa miaka 21 aliyesomea jiolojia. Mkuu wa wapagazi alikuwa Chuma, Myao ambaye miaka michache kabla ya hapo, pamoja na mwenzake Susi na wengine, aliubeba mwili wa mmisionari David Livingstone kutoka bara hadi pwani. Johnston hakufika mbali. Aliugua kuhara damu, akafa Behobeho tarehe 28 Juni. Thomson akashika uongozi, akapanda nyanda za juu kupitia Uhehe na Ubena, na Septemba akaliona ziwa.

Anayetaka kufuatilia asili ya watu hao watatu anakutana na hali tatu tofauti. Johnston alizaliwa 1844, wakati ambapo nchini Uskoti kuzaliwa kwa mtu kuliandikwa na kanisa peke yake, kama kuliandikwa. Huyo anatafutwa katika madaftari ya parokia. Thomson alizaliwa Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, mtoto wa fundi mwashi. Kwa kuwa serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Januari 1855, yeye anatafutwa serikalini. Chuma alizaliwa karibu na Ziwa Nyasa, na hakuna aliyeandika siku yake. Alitiwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa mwaka 1861, na mwaka 1864 Livingstone akamwacha Bombay shuleni kwa wamisionari wa Kanisa Huru la Uskoti. Mwaka uliofuata alibatizwa huko, akaitwa James. Ndivyo mtoto wa Kiyao alivyoingia katika kumbukumbu za kanisa la Waskoti, ng'ambo ya bahari, kabla ya kumwongoza Mskoti kupita Uhehe.

Wahehe na Wabena waliowauzia wasafiri hao chakula na kuwaonyesha njia hawakuwa na daftari lolote lenye majina yao. La kwanza lilikuja miaka kumi na kitu baadaye, likiwa mkononi mwa wamisionari. Kwa familia nyingi za Rungwe, Mbozi, Njombe na Iringa, daftari hilo na ndugu zake waliofuata ndiyo maandishi ya zamani kuliko yote yanayomtaja babu au bibi kwa jina. Kumbukumbu za koo za watawala hazikuhitaji karatasi. Kila mtu Iringa anaweza kukutajia Munyigumba, kisha Mkwawa, kisha Sapi, kisha Adam Sapi aliyekuwa Spika wa Bunge. Mkulima wa kawaida wa Kalenga au wa Kidugala hakuwa na wa kumwimbia nasaba yake. Akikumbukwa vizazi vitatu, amekumbukwa sana. Ni kwa ajili ya mkulima huyo naandika habari hizi.

Nianzie kwa Waskoti, maana wao wamezoea kazi hii kuliko wengi, na safari yao ya vitabu inakuja kuingiliana na yetu. Mwaka 1552 baraza la makasisi wa Uskoti liliagiza kila parokia iandike ubatizo na matangazo ya ndoa. Daftari la zamani kuliko yote lililosalia ni la parokia ya Errol, karibu na Perth, nalo linaanzia 1553. Miaka michache baadaye, 1560, nchi iliacha Ukatoliki ikafuata mageuzi ya John Knox, lakini agizo la kuandika likabaki. Parokia zilikuwa kama 900. Mwandishi hakuwa mchungaji mwenyewe mara zote. Mara nyingi alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, aliyepewa pia ukarani wa baraza la wazee wa kanisa na kulipwa kidogo kwa kazi hiyo. Kama mwalimu alikuwa makini, ukoo umeandikwa vizuri kwa miaka thelathini. Akifa, akija mzembe, kurasa zinakuwa tupu.

Watu waliyakwepa madaftari hayo kwa sababu mbalimbali. Mwaka 1783 Bunge la Uingereza lilitoza peni tatu kwa kila jina linaloandikwa, iwe ubatizo, ndoa au mazishi, na kodi hiyo ilidumu hadi 1794. Maskini wengi waliona heri mtoto abatizwe bila kuandikwa. Mazishi yaliandikwa kwa uchache zaidi. Katika parokia nyingi dalili pekee kwamba mtu alikufa ni hesabu ya fedha: familia ilikodi kutoka kanisani kitambaa cheusi cha kufunikia jeneza, na karani akaandika malipo. Mjukuu wa leo aliyeko Toronto au Dunedin, akiona mstari wa malipo ya kitambaa, anajua bibi yake alizikwa wiki ile.

Kuna na desturi ya majina, ambayo msomaji wa kwetu ataitambua mara moja. Waskoti wengi walimpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Binti wa kwanza aliitwa bibi mzaa mama, wa pili bibi mzaa baba. Kwa hiyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina John watano wa ukoo mmoja, wote wamepishana miaka michache, lakini mtafutaji anayejua desturi hiyo anaweza kukisia jina la babu kwa kuangalia tu wajukuu. Mwanamke naye aliandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake hata baada ya kuolewa, jambo linalomrahisishia kazi mtafutaji wa upande wa mama.

Halafu mwaka 1843 kanisa likapasuka. Wachungaji zaidi ya 400 walitoka katika kanisa la taifa kwa sababu hawakukubali matajiri wenye ardhi wawachagulie waumini mchungaji, wakaunda Kanisa Huru la Uskoti. Watoto waliobatizwa huko hawamo katika madaftari ya parokia ya zamani, na Waskoti wengi wanaotafuta mababu wa miaka ya 1843 hadi 1855 wanagonga ukuta hapo. Kanisa hilohilo ndilo lililomfundisha Chuma Bombay, na ndilo lililoanzisha misheni ya Livingstonia kwenye Ziwa Nyasa mwaka 1875. Robert Laws wa Aberdeen aliiongoza kwa karibu nusu karne. Makao yake yalihama kutoka Cape Maclear hadi Bandawe, kisha 1894 yakapanda Khondowe, kaskazini mwa Malawi ya leo. Kutoka upande wa Karonga ni mwendo wa siku chache kwa miguu kufika Tukuyu.

Wamisionari wa Kijerumani walipokuja Unyakyusa mwaka 1891, walipitia njia ya Waskoti. Walipanda Zambezi na Shire, wakavuka ziwa kwa meli za kampuni ya wafanyabiashara wa Glasgow, wakapumzika kwenye vituo vya Livingstonia. Walikuja makundi mawili kwa mwaka mmoja. Wamoravian, wakiwemo Theodor Meyer na Theophil Richard, walijenga Rungwe chini ya mlima, katika eneo la chifu Mwankenja. Mwenzao Georg Martin alikufa kwa homa kabla hawajamaliza hata miezi michache. Kundi la pili lilikuwa Misheni ya Berlin, Walutheri, wakiongozwa na Alexander Merensky aliyekuwa ametumikia Afrika Kusini. Makundi hayo yaligawana nchi: Wamoravian wakachukua magharibi, Waberlin mashariki. Mgawanyo huo bado unaonekana ukipita barabara ya Tukuyu hadi Busokelo, na ndio unaomwambia mtafutaji agonge mlango gani. Ukoo uliokaa upande wa Manow au Mwakaleli unatafutwa kwenye vitabu vya Kilutheri. Uliokaa Rungwe, Mbozi au Utengule kwa chifu Merere unatafutwa kwa Wamoravian. Baadaye Waberlin walivuka milima kuingia Ukinga, Ubena na Uhehe, wakajenga Bulongwa, Tandala, Kidugala, Lupembe na vituo vingine.

Iringa ilikuwa na mambo yake. Mwaka uleule wa 1891, tarehe 17 Agosti, Wahehe waliliangamiza jeshi la Wajerumani la von Zelewski pale Lugalo. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka Oktoba 1894, na Mkwawa akapigana porini hadi alipojiua Julai 1898. Kabla hajafa, Wabenediktini wa Kikatoliki walikwisha kufika Tosamaganga, kilomita chache kutoka mji mpya wa Iringa. Ubatizo wa kwanza wa Uhehe, kwa hiyo, uliandikwa nchi ikiwa bado imejaa moshi wa vita, familia zimetawanyika na mateka wamechanganyika na wenyeji. Anayesoma kurasa hizo asishangae kukuta watoto waliotajwa bila baba.

Kitabu cha ubatizo cha Kikatoliki kina adabu yake tangu Mtaguso wa Trento, uliofungwa mwaka 1563. Kiliandikwa Kilatini, na padri wa Bavaria na padri wa Torino aliyekuja baadaye waliandika mambo yaleyale kwa mpangilio uleule: namba, tarehe, jina la mtoto, jina la baba na mama, kijiji, msimamizi wa ubatizo, sahihi ya padri. Utamu uko pembeni. Tangu sheria ya ndoa ya mwaka 1907, padri anayefungisha ndoa anatakiwa kupeleka habari kwenye parokia alikobatizwa kila mmoja wao, na habari hiyo inaandikwa pembeni ya jina lake la ubatizo. Kwa hiyo mstari wa mtoto wa 1911 unaweza kubeba, kwa wino wa rangi tofauti na mwandiko wa mtu mwingine, jina la mke aliyemwoa miaka ishirini baadaye na parokia walikofunga ndoa. Wengi wanaoomba nakala ya cheti hupewa mstari wa katikati tu. Mwombe paroko, kwa heshima, akusomee na pembeni.

Kwa Walutheri na Wamoravian ugumu wa kwanza ni mwandiko. Wajerumani wa wakati ule waliandika kwa hati yao ya zamani, ambayo hata Wajerumani wengi wa leo hawaisomi. Herufi e inafanana na n. Herufi u nayo ni vimlima viwili kama n, isipokuwa juu yake wameweka alama ndogo iliyopinda ili itofautike, na alama hiyo ikififia hakuna tofauti tena. Sasa chukua jina la Mwankenja, ambalo wao waliliandika Muankenja, maana w yetu wao waliisikia kama u. Zaidi ya nusu ya jina hilo ni vimlima vinavyofuatana, na jicho lisilozoea halijui pa kukatia. Ugumu wa pili unatoka hapohapo: koo zote za Unyakyusa zinazoanza na Mwa zilipangwa chini ya Mua. Anayepekua faharasa kwa tahajia ya leo atarudi akisema ukoo wake haumo, kumbe umo kurasa kadhaa nyuma.

Na majina ya ubatizo ya Unyakyusa yanakwenda kinyume kabisa na ya Uskoti. Kule John anamzaa John. Huku kila mbatizwa alijitwalia jina la kueleza alichotendewa na Mungu: Ambilikile, Anangisye, Angumbwike, Tupokigwe, Asegelile. Ni majina mazuri mno, na yamekuwa fahari ya Wanyakyusa popote walipo. Ila kwa mtafutaji yanakata kamba. Mtu aliyeitwa jina moja na mama yake, jingine na rika lake, anaingia kisimani akiwa na la tatu, na watoto wake wanatumia hilo la tatu kama jina la baba. Mzee wa kijiji anamjua kwa la kwanza. Bila mtu wa kuunganisha hayo mawili, kitabu na mzee wanazungumza habari za watu wawili.

Mfano mkubwa kuliko wote wa jambo hili ni mwanamke ambaye historia inamjua kama Chisi, Ndjurisiye na Sichyajunga. Alitekwa akiwa mtoto wakati wa biashara ya watumwa, akapita mikono mbalimbali, na njiani akabadilishwa majina, hata hatimaye akapata hifadhi kwa Wamoravian. Tunamjua kwa sababu Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari aliyeishi miaka mingi na Wasafwa wa Utengule, aliandika maisha yake kama alivyosimuliwa. Aliandika pia ya bibi mwingine, Narwimba. Huko Mbozi, kituo alichokianzisha Traugott Bachmann mwaka 1899, maisha ya Msatulwa Mwachitete, aliyetekwa utotoni, nayo yaliandikwa. Wamoravian walikuwa na desturi ya zamani kwamba kila muumini aeleze safari ya maisha yake, isomwe siku ya mazishi. Desturi hiyo ndiyo iliyowafanya wawe na hamu ya kusikiliza maisha ya mwanamke mtumwa, kitu ambacho ofisa wa serikali asingekifikiria. Marcia Wright, mwanahistoria Mmarekani, ndiye aliyeyarudisha masimulizi hayo mbele ya wasomaji mwaka 1993. Mjukuu wa Sichyajunga asiyejua kwamba bibi aliwahi kuitwa Chisi asingeweza kumpata.

Waliokosekana vitabuni ni wengi kuliko waliomo, na si kwa bahati. Kwa kawaida mwanamume mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka abaki na mmoja, na wengi hawakukubali kuwafukuza mama wa watoto wao. Ndiyo maana katika koo nyingi bibi yumo na babu hayumo, au babu yumo akiwa mzee wa kutembelea mkongojo, amebatizwa baada ya wajukuu. Asiyebatizwa anatajwa tu kama baba wa fulani, jina moja tupu. Nadhani ni kosa kumhukumu kwa utupu huo. Aliyebaki nje ya kitabu mara nyingi alibaki kwa sababu alikuwa na nyumba nne za kulisha.

Mwaka 1916 vita vya Ulaya vikafika. Mwishoni mwa Mei majeshi ya Waingereza ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakachukua Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, na tarehe 29 Agosti yakaingia Iringa. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na familia zao, wakapelekwa Nyasaland kwanza. Vijana walitwaliwa kuwa wapagazi wa vita, wengi hawakurudi. Kisha, 1918, yakaja mafua makubwa yaliyozunguka dunia nzima, na makaburi yakachimbwa bila mapumziko. Rungwe, Manow, Kidugala na Lupembe zikawa hazina mchungaji wa kizungu hata mmoja.

Hapo ndipo Waskoti wa Livingstonia walipoombwa kuangalia makanisa hayo. Tangu mwaka 1900 kanisa lao lilikuwa limeungana na jingine, likaitwa Kanisa Huru la Muungano. Walikuja, lakini walikuwa wachache mno kwa nchi inayoanzia Songwe hadi Uhehe. Mmoja wao, D. R. Mackenzie, aliyetumikia muda mrefu upande wa Karonga, alitoa mwaka 1925 kitabu kuhusu Wakonde, yaani Wangonde, na imani zao. Wengine wanajulikana kidogo. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na walimu na wainjilisti Waafrika: wenyeji waliosoma kwa Wajerumani, na wengine waliotumwa kutoka Livingstonia, ambao lugha ya Wangonde waliyoizoea haiko mbali na Kinyakyusa.

Waskoti walileta kitu kimoja ambacho kwao kilikuwa cha kawaida kabisa, na huku kikageuza mambo: baraza la wazee wa kanisa lenye mamlaka ya kweli. Kwao Uskoti baraza hilo lilikuwa likipokea washarika, likisikiliza kesi za ndoa, likiwatenga wakosaji na kuwarudisha. Karani wake aliandika kila kikao. Watafutaji wa Kiskoti wanajua kwamba pale kitabu cha ubatizo kinapokataa kusema baba wa mtoto wa nje ya ndoa ni nani, kumbukumbu za baraza la wazee zinasema, maana binti aliitwa akahojiwa na kijana akatajwa. Katika nyanda zetu pia vikao vya wazee vimebeba habari za namna hiyo kwa miaka mingi: nani ametengwa na Meza ya Bwana kwa kuoa mke wa pili, nani amerudishwa, nani amehamia Chunya kwenye dhahabu ya Lupa na kuomba barua ya utambulisho. Zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu wajukuu wa waliotajwa wapo, na aibu ya 1922 inaweza kuumiza leo.

Nisemalo ni hili. Tumezoea kusimulia vitabu vya misheni kana kwamba Mzungu alishika kalamu na sisi tukaandikwa. Kwa Nyanda za Juu Kusini hilo si kweli hata kidogo katika miaka ya 1916 hadi 1926. Kusanyiko la Rungwe na la Kidugala halikufa wakati mchungaji alipochukuliwa chini ya ulinzi. Walimu waliendelea kufundisha wakatekumeni, wazee waliendelea kuamua mashauri, wafu walizikwa kwa sala. Mwalimu wa shule ya kijiji akawa karani wa kanisa, vilevile kama mwalimu wa Errol au Penpont miaka mia mbili kabla. Anayemtafuta babu yake katika kipindi hicho asiangalie safu ya majina peke yake. Aangalie na mwandiko. Inawezekana babu ndiye aliyeandika.

Tosamaganga ilipata wageni wengine. Wabenediktini walipoondolewa, Wamisionari wa Consolata kutoka Torino walifika mwaka 1919, na mwaka 1922 Iringa ikawa eneo la kanisa linalojitegemea, likitengwa na Dar es Salaam. Kwa mtafutaji mabadiliko hayo yana faida ya ajabu, kwani Kilatini kilibaki kilekile. Tofauti anaiona katika majina: watakatifu wa Kijerumani wanapungua, wa Kiitaliano wanaongezeka.

Mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa tena kuingia Tanganyika, na Wamoravian na Waberlin wakarejea kwenye vituo vyao. Waskoti wakawaachia. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza 1939 Wajerumani walikamatwa tena, na safari hii Walutheri wa Sweden na Marekani ndio waliokuja kusaidia sharika za Kilutheri. Kwa hiyo kitabu cha usharika mmoja wa zamani kinaweza kupita mikono ya mataifa matatu au manne na lugha kadhaa kabla hakijatulia katika Kiswahili. Na karatasi nyingine zimesafiri. Shajara za Rungwe na Utengule ziko Herrnhut, mji wa Wamoravian huko Saksonia. Za Waberlin ziko Berlin, za Livingstonia nyingi ziko Maktaba ya Taifa ya Uskoti, Edinburgh. Mzee wa Ubena anayemtafuta mjomba wake hana nauli ya huko, na kwa maoni yangu makanisa ya Ulaya yanadaiwa nakala. Wenyewe wamekwisha kuwatendea hivyo watu wao: madaftari ya kale ya parokia zote za Uskoti yamepigwa picha, na mjukuu anayasoma akiwa nyumbani kwake Kanada.

Anayetaka kuanza leo aanze na wazee, kabla ya kitabu chochote. Akifika Iringa aseme kamwene, Rungwe aseme ugonile, akae, asikilize salamu mpaka ziishe. Aulize ukoo na mwiko wake, kwani koo nyingi za Uhehe na Ubena zina chakula zisichokula, na watu wawili wenye jina moja na mwiko tofauti si ndugu. Aulize majina yote ya marehemu, la utotoni na la ubatizoni. Unyakyusa aulize pia kijiji cha rika. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza kwa kirefu jinsi wavulana wa miaka kumi na kitu walivyohama nyumbani na kujenga kijiji chao na wa rika lao. Kwa sababu ya desturi hiyo, baba ameandikwa kijiji hiki na mwana kijiji kile, na karani asiyejua atakuambia ni watu wasiohusiana.

Miaka nayo isiulizwe kwa namba. Bibi hatakumbuka kwamba mama yake alizaliwa 1906, lakini atakumbuka alizaliwa watu wakitoka mafichoni baada ya vita vya Maji Maji, ambavyo katika Ubena vilianza 1905. Atakumbuka mwaka wa mafua, mwaka wa nzige, mwaka liliporudishwa fuvu la Mkwawa kutoka Ujerumani, ambao ni 1954. Kwa Walutheri, mtu wa mwaka wa mafua atafutwe katika ubatizo wa 1918 na 1919, na asipopatikana apelekwe mbele hadi kwenye orodha za kipaimara za mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa sababu wengi waliandikwa hapo kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka kumi na minne au kumi na mitano. Asipokuwemo hapo, kitabu cha ndoa. Na asipokuwemo kwenye ndoa, aangaliwe kama mzazi katika ubatizo wa watoto wake, ambako baba asiyewahi kuingia kanisani bado ametajwa kwa jina la kwao, pamoja na kijiji alichokuwa akiishi siku ile.